Juu ya Istilahi "Usahaulifu wa Uzeeni"

Istilahi hii haifai kwa maradhi aliyoyaeleza Arnold Pick mwaka 1892. Aghalabu huanza kabla ya umri wa miaka 65, na mwanzoni kumbukumbu huweza kuwa timamu. Kinacholegea ni mtandao wa ubongo unaopambanua jambo lenye uzito. Ndipo mgonjwa hupotewa na haya na huruma. (Neno "mtandao" tunalikubali: latokana na kutanda, nao wafumaji wa Ufipa walizitanda nyuzi za pamba tangu kale.) Mzee wa Sumbawanga anayewatukana wakweze huku akiikumbuka mipaka ya mashamba yote, tumwite msahaulifu? Jina la mji huo hufasiriwa "tupa uchawi". Jirani asiyepewa neno la tiba analo tayari neno jingine. Twapendekeza "mnyauko wa paji na panja".