Gramafoni Zilizokwenda Vitani: Zilivyoundwa na Zinavyotunzwa

Gramafoni ya sebuleni ya mwaka 1910 iliundwa kwa ajili ya mahali pasipotikisika. Pembe yake ya bati ilitanuka juu ya meza, sanduku lake la mbao lilipakwa vanishi hadi likang'aa, na santuri zake za shelaki zilipasuka zikianguka mara moja tu. Ukiipeleka mashine hiyo kwenye handaki lenye tope, pembe itabonyea, mbao zitavimba na santuri zitafika vipandevipande. Waliotaka kuwapa askari muziki hawakuwa na budi kuiunda upya kuanzia umbo lake.

Mashine zilizoundwa upya hivyo leo zinatafutwa sana na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Nyingi hazina urembo. Thamani yake iko kwingine: kishikio, kifuniko, hata rangi iliyopakwa vina sababu iliyotokana na maisha ya kambini, na anayeijua sababu hiyo ndiye awezaye kuitambua mashine halisi na kuitunza bila kuiharibu. Mifano miwili ya Vita vya Kwanza vya Dunia inatosha kuonyesha jinsi tatizo moja lilivyopata majibu yaliyotofautiana kabisa.

Jibu la kwanza lilitoka London. Katikati ya mwaka 1914 kampuni ya Barnett Samuel and Sons, wauzaji wa ala za muziki, ilitoa gramafoni ya kubebwa mkononi iitwayo Decca. Vita viliikuta tayari iko dukani. Ilikuwa na umbo la sanduku dogo la safari, nyingine zikiwa zimevikwa ngozi na nyingine kitambaa kigumu, na mtu mmoja aliweza kuibeba pamoja na mizigo yake mingine. Hilo liliipeleka kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji, na ndiyo maana wakusanyaji wa Uingereza huiita gramafoni ya mahandakini mpaka leo.

Ufundi wake uko kwenye kifuniko. Ukikifungua unakuta bakuli la chuma limekazwa upande wa ndani. Sindano inapofuata mfuo wa santuri, inatikisa kiwambo cha ulanga. Mtikisiko huo unageuka sauti, unapita kwenye mkono mfupi wa sauti na kuelekezwa katika bakuli, kisha bakuli linairudisha sauti mbele kwa wasikilizaji. Pembe imeondoka kabisa. Kifuniko kimepewa kazi mbili, kulinda mitambo njiani na kutoa sauti kituoni, na sanduku likifungwa hakuna kinachochomoza isipokuwa kishikio.

Nafuu hiyo ilikuwa na gharama. Sauti nzito zinahitaji pembe ndefu inayopanuka taratibu, na bakuli fupi haliwezi kuzikuza. Ngoma na besi zilififia, huku sauti ya mwimbaji, fidla na tarumbeta zikisikika vizuri. Kwa askari waliobanana katika chumba kilichochimbwa ardhini, hayo yalitosha.

Nguvu ya kuzungusha ilitoka kwenye kamani, kwa hiyo umeme haukuhitajika. Ilikuwa lazima kutia ufunguo mara kwa mara na kubadilisha sindano ya chuma kila upande wa santuri. Santuri za shelaki zilichanganywa na unga mgumu unaosaga ncha ya sindano ili ilingane na mfuo. Sindano iliyokwisha sagwa ikirudiwa, inakwangua. Kikopo cha sindano kilikuwa sehemu ya mzigo kama zilivyo risasi kwa bunduki, na mkusanyaji akikipata pamoja na mashine yake, amepata seti iliyokamilika zaidi. Imperial War Museum ya London inahifadhi gramafoni za Decca miongoni mwa vifaa vyake vya vita hivyo.

Jibu la pili lilitoka West Orange, New Jersey. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, kampuni ya Thomas Edison ilitoa modeli maalumu iitwayo Army and Navy, ikaiuza kwa dola 60. Wanunuzi walikuwa vikosi. Askari walichanga, wakanunua mashine moja ya wote na kuondoka nayo kwenda ng'ambo.

Tofauti hiyo ya mnunuzi ndiyo iliyoamua umbo. Mali ya kikosi husafiri kwa lori na meli, kwa hiyo wepesi haukuwa sharti. Uimara ndio uliokuwa sharti. Edison alitengeneza kasha la mbao za kawaida lililopakwa rangi ya kijeshi. Modeli yake ya nyumbani ya C-250 ilianza kuuzwa kwa dola 250, na sehemu kubwa ya bei ya mashine za namna hiyo ilikwenda kwenye kabati: mbao za thamani, nakshi, ung'arishaji. Katika mashine ya askari hayo yote yaliondolewa, ukabaki mfumo wa kusoma santuri uliokuwa fahari ya kampuni.

Mfumo huo, Diamond Disc, uliingia sokoni mwaka 1912. Mfuo wa santuri ya kawaida unayumba kushoto na kulia; wa Edison unapanda na kushuka, na unafuatwa na ncha ya almasi isiyobadilishwa. Mifuo imepangwa 150 katika kila inchi, na santuri inazunguka mara 80 kwa dakika. Kwa kuwa mifuo hiyo ni myembamba mno kuweza kuuvuta mkono mzito, mtambo ulio chini unasukuma pembe na kichwa cha kusomea kukatiza santuri kwa mwendo uliopimwa. Santuri yenyewe ina unene wa takriban milimita 6. Kambini hizo zilikuwa faida za kweli: hakuna vikopo vya sindano vya kuagiza, na santuri nene haikuvunjika kirahisi.

Udhaifu ulijificha mahali pengine. Santuri nyingi zilizokuwa majumbani Marekani zilitengenezwa na kampuni za Victor na Columbia, na mfuo wake unayumba kushoto na kulia. Mwaka 1918 ilipofanyika kampeni ya kukusanya santuri za raia kwa ajili ya askari, kikosi chenye mashine ya Edison isiyo na kifaa cha kuibadilisha hakikuweza kuzipiga. Kiliweza kupiga santuri za Edison peke yake. Uhodari wa ufundi ulikuwa umewatenga askari na hazina kubwa ya muziki wa nchi yao.

Vita viliigusa pia mali ghafi. Uso wa santuri za Edison ulitengenezwa kwa plastiki inayotokana na fenoli, na fenoli hiyohiyo ilihitajika kutengenezea vilipuzi. Vita vilipozuia fenoli kutoka Ulaya, Edison alijenga kiwanda chake mwenyewe. Hata hivyo ubora wa santuri zake ulishuka miaka hiyo, na nyingi zina mkwaruzo mkubwa wa sauti tangu zilipotoka kiwandani. Tena kiini chake kilitengenezwa kwa unga wa mbao. Unyevu ukipenya, kiini kinavimba na uso unapasuka kuanzia ukingoni. Anayenunua mashine pamoja na santuri zake azishike chini ya mwanga na kukagua kingo kabla ya kutaja bei.

Katika Vita vya Pili vya Dunia mkazo ulihama kutoka mashine hadi santuri. Jeshi la Marekani lilianza kusambaza santuri za V-Disc mwaka 1943, chini ya usimamizi wa George Robert Vincent. Shelaki ilikuwa haba na ilivunjika safarini, hivyo zikatumika plastiki zinazopinda kidogo bila kuvunjika, vinili ikiwemo. Ukubwa ulikuwa inchi 12, na mifuo ilisogezwa karibu karibu hadi upande mmoja ukachukua takriban dakika sita na nusu. Ilikuwa zawadi kwa wanamuziki wa jazi, waliozoea kuukata wimbo ukifika dakika tatu. Ndani ya sanduku la santuri hizo askari walikuta pia sindano na maneno ya nyimbo.

Wakati huo chama cha wanamuziki cha Marekani kilikuwa kimegoma kurekodi tangu Agosti 1942. Kiliziruhusu V-Disc kwa masharti kwamba zisiuzwe na baada ya kazi ziharibiwe. Mpango ulipofungwa mwaka 1949, santuri nyingi ziliharibiwa kweli, na mfanyakazi mmoja wa kampuni ya santuri huko Los Angeles alifungwa kwa kukutwa na zaidi ya 2,500. Nakala zilizopo mikononi mwa watu ni zile zilizorudi mabegani mwa askari. Library of Congress ina seti kamili.

Kwa mkusanyaji, historia hii inageuka kuwa vipimo. Kasha la Army and Navy lilikuwa la mbao za kawaida. Chini ya rangi ya kijeshi ukikuta mbao za thamani na vanishi, hiyo ni mashine ya sebuleni iliyopakwa baadaye. Rangi halisi huwa imelika zaidi kwenye kona na vishikio, palipoguswa na mikono. Jina la kikosi lililoandikwa kwa brashi lina thamani kuliko uso uliong'arishwa, na likifutwa kwa msasa halirudi. Kwenye Decca, bakuli ndilo la kutazamwa kwanza: likiwa limebonyea au limebadilishwa, sauti imebadilika nalo.

Ndani ya mashine, mengi yanaweza kutengenezwa bila kuugusa mwonekano. Grisi ya zamani ikigandamana, kamani hushtuka na kupiga kishindo. Isafishwe na fundi, kwa sababu kamani iliyotolewa bila kulegezwa inaweza kumkata mtu vidole. Mipira inayoshika kiwambo cha ulanga huwa migumu na ibadilishwe. Kisha kila mashine ipewe santuri yake: sindano ya chuma isiguse santuri ya Edison, kwa kuwa inaharibu mifuo kwa mpigo mmoja, na V-Disc isipigwe kwenye gramafoni ya kutia ufunguo, bali kwenye mashine ya kisasa yenye mkono mwepesi na sindano iliyochongwa kwa mifuo ya santuri za mizunguko 78 kwa dakika.