Kuzisoma Firigisi: Garbage ya London na Imondo ya Mautuma

Muswada uitwao Harley 279, uliomo katika Maktaba ya Uingereza jijini London, uliandikwa karibu na mwaka 1430. Ni kitabu cha mapishi ya majumba ya wakubwa, na pishi mojawapo humo linaitwa garbage. Anayesema Kiingereza leo akilisikia neno hilo huwaza pipa, nzi na gari la kanjo. Mwandishi wa muswada alikusudia vichwa, miguu, maini na firigisi za kuku. Anaagiza vioshwe vikatakate, vitiwe chunguni pamoja na mchuzi wa ng'ombe au wa kondoo, vichemke, kisha vifanywe vizito kwa mkate na kukolezwa kwa pilipili manga, zafarani, basibasi, karafuu, chumvi na maji machachu ya zabibu mbichi. Karafuu ya siku hizo ilitoka visiwa vya Maluku, maana Zanzibar ilikuja kupandwa mikarafuu katika karne ya 19. Hakuna mpishi ambaye angemwaga kiungo kilichovuka bahari mbili tatu juu ya kitu anachokidharau.

Pishi hilo lastahili kusomwa kwa makini tunayoyatumia kusoma shairi. Kivumishi kinachotangulia nyama hizo ni kile chenye maana ya uzuri, na mistari michache baadaye kivumishi kicho hicho kinapewa chungu. Chombo na kilichomo vimevikwa sifa moja. Mpangilio wa orodha nao una mwendo wake: kichwa kilicho juu, miguu iliyo chini, halafu ndani, kwenye maini, na mwisho kabisa firigisi. Jicho la mwandishi linamzunguka kuku kwa nje kabla ya kumfungua.

Lakini jambo lililonishika zaidi ni wingi. Ndani ya pishi, neno garbage limetiwa alama ya wingi, kama mtu anayetaja vitu vinavyohesabika. Kiingereza cha leo hakiruhusu hivyo. Neno limekwenda kukaa na wenzake wenye kiishio hicho hicho, baggage na sewage, maneno yanayochukua vitu vingi na kuvifanya rundo moja lisilo na idadi. Kufikia mwisho wa karne ya 16 lilikuwa limeshaanza kutumika kwa uchafu wa kila namna. Katika tamthilia ya Hamlet, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1603, mzimu wa mfalme unalitumia kuishutumu tamaa inayoacha kitanda cha heshima na kwenda kujilisha kwenye uozo. Harufu ya matumbo bado imo, ila karafuu zimekwisha. Naamini kupotea kwa wingi na kupotea kwa heshima kulikwenda pamoja. Kitu kikishakosa hesabu, ni rahisi kukipeleka jaani.

Sasa tumlete kuku huyo Mautuma, katika eneo bunge la Lugari, kaunti ya Kakamega. Lugari ilikuwa ardhi ya walowezi, na baada ya uhuru familia nyingi zilipewa mashamba huko. Hivyo Mautuma ni mahali ambapo Mmaragoli, Mbukusu, Mtachoni na Mkabrasi hupakana kwa ua wa shamba la mahindi. Lahaja zao za Kiluhya zinatofautiana, lakini mezani hubishana kwa sarufi moja. Kuku, yaani ingokho, ana firigisi moja, na firigisi hiyo inaitwa imondo. Ni ya mwenye nyumba, au ya mgeni ambaye mwenye nyumba ameamua kumpa heshima yake. Mkwe aliyechinjiwa kuku, kisha akaupekua mchuzi asiione imondo, ameshaambiwa jambo zito bila mtu kufungua mdomo.

Angalia umbo. Mpishi wa 1430 ana firigisi nyingi kwa sababu jikoni mwake kuku huchinjwa kwa wingi. Zinachanganywa na miguu na vichwa, wala hakuna mlaji anayeweza kudai ya kwake. Mautuma kuku ni mmoja, imondo ni moja, na umoja huo ndio unaoipa uzito. Orodha nayo imepinduliwa: kilichotajwa mwisho London, hapa kinaulizwa kwanza. Kichwa na miguu huwaendea watoto, na mtoto wa kule anajua tangu mapema kipande kipi ni chake.

Sitaki kuupamba mpangilio huu kupita kiasi. Kwa desturi ya zamani ya Waluhya, mwanamke hakula kuku kabisa. Yeye ndiye aliyemlea, akamfukuza mwewe, akamnyonyoa, akampika, na imondo ikapita mikononi mwake kuelekea kwa mwingine. Umbo linaloweka wazi heshima ya mmoja linaweka wazi vile vile nani ametengwa, na msomaji makini hawezi kusifu upande mmoja na kufumbia macho wa pili.

Manyoya na utumbo hubaki nyuma ya nyumba. Hapo tunasema takataka, neno lenye mwonekano ule ule katika umoja na wingi, lililorudiwarudiwa kana kwamba ulimi wenyewe unatawanya vitu. Hata hivyo, shambani kila kimoja kina jina lake: magunzi huwashwa jikoni, mabua hupewa ng'ombe, samadi hurudi kwenye mahindi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza. Kwa mkulima wa Mautuma hiyo ni hatua fupi, kwa kuwa msamiati wake ulishatenganisha. Tatizo lake ni plastiki, ambayo haina kazi shambani.

Nirudi kwenye kitenzi cha mwisho cha pishi la London. Mpishi anaambiwa apakue. Kitenzi hakina mtendewa, na chakula kinatoka jikoni bila anwani. Imondo haipakuliwi namna hiyo. Kiswahili cha mezani kinadai kauli ya kutendea, mpakulie, na mle ndani ya kitenzi mna nafasi ya mtu. Kwa vizazi kadhaa nafasi hiyo ilikuwa ya baba, mzee au mkwe. Siku hizi wanawake wengi wa Kakamega wanakula kuku bila kuomba radhi, na kuna nyumba ambako mama ndiye mwenye shamba, mwenye kuku na mwenye kisu. Mpakulie inabaki vile vile hata kwa herufi, kwa sababu kiambishi cha Kiswahili hakibagui mume na mke.