Blu*3: Tamthilia Iliyokatizwa

Mwaka 2004 shindano la televisheni la Coca-Cola Popstars liliwaunganisha Cindy Sanyu, Jackie Chandiru na Lilian Mbabazi kuwa kundi la Blu*3. Walimu wa Kiswahili tulifurahia jina la albamu yao, Hitaji. Neno moja, nomino na kitenzi pia, midomoni mwa vijana wa Kampala waliozoea kuiita lugha hii ya askari!

Hata hivyo, tukilipima shindano lenyewe kwa mizani ya tamthilia, lina kasoro: linakomea penye ushindi. Mgogoro wa kweli ulikuja baadaye, Cindy alipojitoa mwaka 2008, kamera za shindano zikiwa zimezimwa zamani. Mtunzi hodari angeanzia hapo. Wanafunzi wa fasihi, kalamu ziko wapi?