Mlingoti wa Parlier: Kazi Yote Ilikuwa Kwenye Kiungo

Tarehe 18 Desemba 2000, Mfaransa Yves Parlier alivunjikiwa mlingoti kusini kabisa mwa Bahari ya Hindi. Alikuwa katika kundi la mbele la Vendée Globe, mashindano ya kuizunguka dunia kwa tanga, mtu peke yake, bila kusaidiwa. Kanuni zinamruhusu nahodha kutia nanga, ila asipokee chochote kutoka kwa mtu wa nje. Wengi wanaofikwa na hayo hutafuta bandari na kujitoa. Parlier alitweka tanga dogo la dharura, akajikokota hadi Stewart Island, New Zealand, akatia nanga ghubani, akauunga mlingoti wake wa kaboni na kurudi mashindanoni.

Watu humsifu kwa ushupavu, lakini ushupavu hauungi kaboni. Ukiichambua kazi yenyewe utakuta maamuzi machache ya kiufundi ambayo hata mwenye kichombo cha mita sita anaweza kuyafuata.

La kwanza ni kuokoa vipande. Mlingoti ukianguka baharini bado umefungwa kwa nyaya, na kila wimbi linaugongesha kwenye ubavu wa chombo. Ikiwa unakaribia kukitoboa chombo, kata nyaya uuache uzame. Lakini kila kipande kinachowezekana kupandishwa sitahani ni malighafi, na ukiwa mbali na nchi kavu huna duka jingine.

La pili ni kukubali mlingoti mfupi. Si upepo peke yake unaouvunja. Nyaya za pande zote zinauvuta kuelekea chini, kwa hiyo nguzo inabanwa tangu kileleni hadi kwenye tako, na ikizidiwa hupinda, kisha hukatika. Uwezo wa nguzo kustahimili mbano huo hupungua kwa mraba wa urefu wake: ukipunguza theluthi moja ya urefu bila kubadilisha unene, uwezo unazidi mara mbili. Na tanga nalo linapungua, kwa hiyo mzigo pia umepungua. Parlier alipoteza mwendo, akapata nguzo ambayo kiungo chake hakikulazimika kubeba mzigo wa zamani.

La tatu ndilo kiini: urefu wa kiungo. Vipande viwili vikigusanishwa kichwa kwa kichwa na kupakwa gundi, nguvu yote inakusanyika kwenye mstari mmoja mwembamba, na hapo ndipo vitaachana. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu wanalijua hilo siku nyingi. Foromali ndefu, ule mti unaobeba tanga, mara nyingi si mti mmoja. Ni miti miwili iliyopishanishwa kwa masafa marefu na kukazwa kwa kamba, ili mzigo uhame kidogo kidogo kutoka mti huu kwenda ule. Kwa kaboni kanuni ni hiyohiyo. Kingo zilizovunjika huchongwa kwa msasa mpaka ziwe nyembamba taratibu, kisha tabaka za kitambaa cha kaboni hulazwa juu yake, kila moja ikiipita ya chini yake. Nyuzi nyingi hufuata urefu wa mlingoti ili zizuie kupinda. Nyingine hulazwa mshazari ili zizuie kujinyonga.

La nne ni joto. Epoksi haigandi kwa kupigwa na upepo. Hugandishwa na mmenyuko wa kikemikali, na baridi huuchelewesha. Mafundi hukadiria kwamba joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, muda wa kuganda huwa karibu maradufu. Stewart Island iko kwenye latitudo ya 47 kusini, mahali pa mvua na ubaridi hata wakati wa kiangazi. Parlier alijitengenezea tanuri: balbu za umeme zilizowashwa kando ya kiungo na kufunikwa kwa blanketi za dharura zinazorudisha joto. Bila tanuri hilo, gundi ingechelewa sana kuganda.

Mwenye chombo kidogo ana kazi nyepesi zaidi. Mlingoti wa mbao huungwa kwa kukatwa mshazari, urefu wa mkato ukiwa mara 10 hadi 12 ya unene. Wenye unene wa sentimita 12 unadai mkato wa sentimita 120 hadi 144. Wa alumini hutiwa bomba la ndani linalobana, likakazwa kwa riveti zisizopangwa duara moja, maana safu moja ya matundu ni alama ya mahali pa kukatikia. Lakini mbao zikiwa zimeoza kwenye tako, pale maji ya mvua yanapotuama, usiunge. Mlingoti wa mashua mara nyingi ni mti mmoja mzima. Tafuta mti mwingine ulionyooka, uuchonge upya.

Parlier alimaliza Machi 2001, baada ya siku 126, chakula kikiwa kimemwishia hata akala samaki na mwani. Mshindi, Michel Desjoyeaux, alitumia siku 93. Hata hivyo vyombo 24 viliondoka na 15 tu vikamaliza. Yeye alikuwa wa 13, na kiungo chake kilipita Cape Horn na Atlantiki nzima.

Limebaki jambo moja la kufanya kabla ya kushika msasa: kujua kwa nini mlingoti ulivunjika. Chombo cha Parlier kilikuwa kikiteleza kwa kasi kubwa kikachoma wimbi. Kwenye vyombo vidogo mlingoti mara nyingi ndio wa mwisho kukatika. Kilichoanza ni pini ya kushikilia waya iliyolika, au waya wenyewe uliochakaa. Anayeunga mlingoti na kurudisha pini ileile atailipia kazi hiyo mara ya pili.