Nani Alijitenga? Umoja na Utengano katika Picha za Tshibumba Kanda Matulu

Kati ya mwaka 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji mzaliwa wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, alichora picha zipatazo 100 za historia ya nchi yake, akamfafanulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili cha Katanga. Kitabu kilichotokana na mazungumzo hayo kilitoka mwaka 1996, maneno ya mchoraji yakiwa yamegeuzwa kuwa Kiingereza. Tangu hapo kazi hiyo imesifiwa zaidi kama sanaa ya umma kuliko ilivyosomwa kama hoja. Nayo ni hoja, tena juu ya jambo ambalo mjini Likasi halijawa la kale: nchi ikipasuka, ni nani aliyeipasua?

Picha inayojulikana zaidi inahusu mauaji ya tarehe 17 Januari 1961. Lumumba amelala chini, amekufa. Damu inayomtoka ubavuni inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Kwa mbali imesimama misalaba mitatu, kwa ajili yake na wenzake Mpolo na Okito. Msomaji wa Injili hahitaji kuelezwa.

Katanga si ya kwanza kuusoma umoja katika mwili wa aliyeuawa. Abraham Lincoln alipigwa risasi siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 14 Aprili 1865, akafariki kesho yake. Jumapili ya Pasaka wahubiri wa Kaskazini ya Marekani wakamlinganisha na Kristo. Lakini Lincoln alikufa jeshi kuu la Kusini likiwa limekwisha kusalimu amri. Lumumba aliuawa miaka miwili kamili kabla Tshombe hajakubali, Januari 1963, kwamba Katanga huru imekwisha. Damu ya yule ilikuwa muhuri wa jambo lililotimia. Ya huyu ni deni. Yaelekea Tshibumba alilijua hilo, kwa maana neno lake hakuliandika kwenye bendera. Aliliandika mchangani, mahali ambapo mvua yaweza kulifuta.

Hapa lugha yenyewe yapasa kuchunguzwa. Kiswahili husema Katanga “ilijitenga” tarehe 11 Julai 1960, kama kisemavyo kwamba South Carolina “ilijitenga” tarehe 20 Desemba 1860. Kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake, na kwa hiyo hudai kuwapo kwa nafsi moja iliyotenda na kutendwa. Je, nafsi hiyo ilikuwapo? Katika uchaguzi wa Mei 1960, chama cha Conakat kilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na muungano wa Balubakat wa Jason Sendwe ukapata 23. Kaskazini ya Katanga iliukataa utengano na kuupiga vita. Huko Marekani, watumwa wapatao milioni 4 hawakuulizwa neno, na wilaya za magharibi za Virginia zilikataa kufuata, hata zikawa jimbo jipya mwaka 1863. Waliojitenga walikuwa watu fulani, wenye majina na mali, kiambishi kimewafunika. Hata “vita vya wenyewe kwa wenyewe” ni usemi unaohukumu kabla ya ushahidi, kwa kuwa uwenyewe ndio uliokuwa ukigombaniwa.

Kwa upande huu mchoraji amewashinda wanahistoria wengi. Picha haina kiambishi. Anayechora tendo hulazimika kumchora mtendaji, na Tshibumba amewachora watu.

Kasoro yake ipo kwingine. Kitenzi kujitenga angalau kina nafsi, hata kama ni ya kubuni. Nomino umoja haina hata hiyo. Umoja wa nani? Tshombe, kiongozi wa utengano, alifanywa waziri mkuu wa Kongo nzima Julai 1964. Alexander Stephens, aliyekuwa makamu wa rais wa Kusini iliyoasi, alirudi katika bunge la Marekani mwaka 1873. Wakubwa hupatana upesi. Baada ya majeshi ya serikali kuacha kuzilinda serikali za Ujenzi Mpya huko Kusini mwaka 1877, Weusi wa Kusini walinyang’anywa hatua kwa hatua kura waliyoahidiwa, na upatanisho wa Weupe ukaitwa umoja wa taifa. Neno likiachwa bila mwenyewe, kila mwenye nguvu hulitwaa. Wakati Tshibumba akichora, utawala wa Mobutu nao ulikuwa umekwisha kulitwaa, pamoja na jina la Lumumba.

Mwaka 1992, katika nchi hiyo hiyo moja, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao Likasi. Wengi walikuwa wana na wajukuu wa wafanyakazi walioletwa migodini na Union Minière. Siasa ya siku zile iliwaita “bilulu”, yaani wadudu, nao wakakusanyika kwa maelfu kwenye kituo cha reli wakingojea treni ya kwenda katika mkoa ambao baadhi yao hawakuwahi kuuona. Tshibumba mwenyewe alikuwa na asili ya Kasai. Kituo hicho hakimo katika mfululizo wake. Mchoraji hajulikani aliko tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.