Fuata Moshi

Ukifika Williamsburg, jimboni Virginia, wakati majani yanapukutika, utawaona wageni wengi wakielekea Kasri la Gavana. Wewe fuata moshi. Mji huu wa kale, ulioanza kufufuliwa mwaka 1926 kwa fedha za John D. Rockefeller Jr., bado unachoma matofali yake wenyewe, na huu ndio msimu wa tanuri.

Kazi ilianza tangu kiangazi. Udongo ulikanyagwa kwa miguu mitupu (watoto wa wageni huruhusiwa kuingia shimoni, na kuwatoa ni shughuli), kisha matofali yakafyatuliwa kwa kibao kilichopakwa mchanga ili yasigande. Yakaanikwa, yakageuzwa ubavu, yakahamishiwa bandani. Mtu wa Mbeya au Iringa hahitaji mkalimani hapa: matofali mabichi yenyewe ndiyo hupangwa yakawa tanuri, chini yakaachiwa midomo ya kuni, nje yakakandikwa tope.

Ninachokiheshimu zaidi ni ule mwanzo wa kuchoma, ambao mtazamaji anauona hauna lolote. Moto ni mdogo kama wa kuchemshia chai. Tofali linaloonekana kavu bado limeficha maji, na ukiliharakisha, mvuke utalipasua. Basi mafundi wanakaa na moshi. Ukiwa mweupe na mzito, maji yangali yanatoka. Ukishakuwa mwepesi, ndipo kuni zinaongezwa, usiku na mchana, mpaka joto la ndani lifikie takriban nyuzi 1,000 za Selsiasi. Siku zikipita, mgongo wa tanuri huanza kubonyea, maana matofali yanasinyaa. Midomo inazibwa. Hapo ni kungoja tena, lipoe lenyewe.

Katika karne ya 18, mikono iliyokesha hivi mara nyingi ilikuwa ya Waafrika waliotumikishwa utumwani. Kuta wanazozipiga picha watalii, wengi wa waliozifyatulia matofali hawakuwa na hiari ya kuondoka tanurini.

Siku ya kulifungua tanuri, karibu kila tofali lina mahali pake. Yaliyopakana na moto yamepata ngozi ya kioo, kijivu iliyochanganyika na samawati, kazi ya majivu ya kuni. Waashi wa zamani waliyapanga ya aina hii vichwa vikitazama nje, yakipishana na mekundu, yawe urembo. Ya katikati ndiyo mekundu na magumu. Ya pembezoni, yaliyoiva nusu, yana rangi ya waridi na mvua huyala. Hayo hupelekwa kuta za ndani.