Nta ya Nyuki, Frasila na Zawadi ya Ijumaa

Katika shule nyingi za msingi zawadi ni daftari, kalamu au pipi, na anayeipata ni mwanafunzi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Ninayoichambua hapa ni zawadi ya namna nyingine: darasa zima likitimiza kazi lililojipangia kwa wiki, kipindi cha mwisho cha Ijumaa linafanya majaribio ya sayansi kwa mikono yake. Natumia vitu vya Tabora kwa sababu misitu ya miombo na mashamba ya huko yanatoa karibu kila kinachohitajika.

Jaribio la kwanza ni la nta. Kila kikundi kinapewa chupa ndogo ya maji iliyokatwa shingo. Inamiminwa asali kidogo, kisha maji, polepole, yakipitia mgongoni mwa kijiko ili yasiitibue asali, na mwisho mafuta ya alizeti au ya karanga. Vitu vitatu vinatulia tabaka juu ya tabaka. Sasa kipande cha nta ya nyuki kinashikwa juu ya chupa, na mwalimu anauliza: kitasimama wapi? Kila mtoto anaandika jibu lake kabla nta haijaachiwa. Ufundi wote wa zawadi hii uko katika dakika hiyo ya kuandika. Nta inapenya mafuta, inagusa maji na kukwama hapo hapo katikati. Mililita ya maji ina gramu 1, nta ina gramu 0.96 hivi, mafuta 0.92, asali 1.4. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuzisubiri tarakimu hizo. Siku hiyo inatosha alinganishe alichoandika na anachokiona, kisha adai kujaribu kokoto, punje ya hindi, kifuniko cha chupa. Mwalimu akianza kueleza kabla nta haijaachiwa, amerudisha somo ubaoni na zawadi imekwisha.

Mawazo haya yana historia kwetu. Kuanzia mwaka 1965 nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilishiriki mpango wa sayansi kwa shule za msingi ulioandaa vijitabu vya majaribio ya vitu vya jirani: mchanga mkavu na wenye unyevu, mbu, vifaranga. Kimoja kilihusu yule mdudu anayechimba kishimo mchangani na kujificha chini yake akimvizia sisimizi. Mtoto alitakiwa amuulize mdudu mwenyewe, kwa kumtazama na kumjaribu. Mtafiti wa elimu Eleanor Duckworth alipoupima mpango huo nchini Kenya, aliwaingiza watoto katika chumba chenye vifaa vingi, akawaacha wafanye wapendavyo, na matendo yao yakaandikwa. Waliopitia mpango walipata mambo mengi zaidi ya kufanya, na yenye undani zaidi, kuliko wenzao. Natamani vyuo vyetu vya ualimu vingeurudia upimaji wa aina hiyo.

Lakini kwa nini majaribio yawe zawadi? Mwaka 1959 mwanasaikolojia David Premack alionyesha kwamba jambo ambalo kiumbe hulifanya kwa hiari linaweza kuwa malipo ya jambo asilolipenda sana. Katika utafiti wa mwaka 1973, mwanasaikolojia Lepper na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaahidi watoto wa chekechea cheti kama wangechora. Baada ya wiki chache, watoto hao walitumia kuchora karibu nusu ya muda waliotumia wenzao wasioahidiwa chochote. Nikiyaweka mawili haya pamoja naona jambo moja: sayansi isimame upande wa malipo. Ukimpa mtoto pipi ili afanye jaribio, umemwambia kwamba jaribio ni adha inayohitaji fidia.

Tabora ina jaribio jingine, na hili linatoka barabarani. Katika njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, mizigo ilihesabiwa kwa frasila, yaani karibu kilo 16, na mpagazi wa Kinyamwezi aliweza kubeba karibu frasila mbili. Lita moja ya maji ni kilo moja. Darasa linakusanya chupa za lita moja, linatengeneza mizani ya mti na kamba, linahakiki kwamba chupa zinalingana, kisha linapanga 32 chini ya mwembe. Historia na vipimo vinakutana hapo, na mtoto akijaribu kuinua chupa tano tu anajua wapagazi walikuwa watu wa nguvu gani.

Hatari kubwa ni kuchagua wa kuingia. Zawadi ikienda kwa wenye alama za juu, anayebaki nje ni yule yule ambaye mikono ingemfundisha kile ambacho ubao umeshindwa. Kwa hiyo kazi ya wiki iwe ile ambayo kila mmoja anaiweza: kuwahi, kumaliza zoezi, kumsaidia jirani kusoma. Tena majaribio yaliyomo katika somo la Sayansi yafanyike siku zake bila masharti, maana hayo ni haki ya mtoto. Ya Ijumaa ni nyongeza, na darasa lisipotimiza kazi yanasogezwa hadi wiki inayofuata, hayafutwi.